Fomu Niliyosaini Mwenyewe

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amekufa. Jana, saa tano asubuhi, hospitalini. Mimi nilikuwa nagonga kutu mbele ya meli.

Kapteni kaniita juu leo, kanipa simu. Shemeji yangu, kaka wa marehemu. Hakuzunguka. Dada amekwenda, tunazika kesho, wewe huwahi.

Kweli siwahi. Bandari iko mbele siku mbili.

Nikarudi dekini nikaendelea kugonga. Serahangi, mkubwa wetu wa deki, kaninyang'anya nyundo. Nenda kalale, baba. Nilale vipi?

Jumatano, 5 Machi

Wanamzika leo. Nimepaka rangi mlango wa stoo. Ulikuwa umeshapakwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika. Ndege, basi, miguu.

Binti yangu kanipokea begi. Amefika miaka ishirini, amekonda. Nyumba imepakwa rangi mpya. Nani kapaka? Mama, kabla hajaugua. Alipanda ngazi mwenyewe. Na mimi napaka vyuma vya watu mwaka mzima!

Watu wamejaa. Nikapewa kiti kizuri, kama mgeni. Shemeji kasimama mbele ya wote: asilaumiwe huyu. Kampuni imemkatalia kushuka, miezi mitano anaomba! Shangazi wa marehemu kasema hata mbwa hufunguliwa mnyororo.

Wote wakanitazama kwa huruma. Nikainamisha kichwa. Wakadhani nalia.

Jumapili, 9 Machi

Naandika hapa maana mdomoni haitoki.

Kampuni haikunikatalia. Mkataba ulikuwa miezi tisa, uliisha mwezi wa kumi. Kapteni kauliza kama kawaida: nani anashuka, nani anaongeza? Kuna fomu ya kuongeza. Nikasaini. Mtu wa kunibadilisha alishafika, kasimama gatini na begi lake. Nilimwona kwa macho yangu. Akarudishwa kwao.

Nikapiga simu nyumbani: hawajapata mtu. Mke wangu kasema sawa, kazi ni kazi. Miguu imenivimba, kasema, ila kidogo.

Kidogo. Nikalishika hilo neno kama kamba.

Si pesa. Nisijidanganye. Serahangi alisema mbele ya wote: huyu akishuka, deki itaoza. Basi! Neno moja la sifa nikabaki miezi mitano. Kule najua kila kamba, kila boliti. Hapa jana nimepapasa ukuta wa jikoni natafuta swichi ya taa. Binti kaja kaniwashia. Nyumba yangu!

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kaja asubuhi na shati la kola. Twende kwa wakala wa meli. Leo wataomba radhi au patachimbika!

Nikasema acha, haitamrudisha. Kasema wewe mpole mno, ndiyo maana wanakukalia kichwani. Nikaenda. Nikafuata nyuma kama mkia.

Ofisi ndogo, feni inalia. Karani mwanamke, mama mtu mzima, miwani puani. Shemeji kafoka mpaka mate. Mtu anaomba kushuka mnamnyima, mkewe anakufa hajamwona! Mna moyo nyie, au humo kifuani mmeweka nanga?

Karani kafungua faili langu. Karatasi ya juu kabisa — sahihi yangu naijua, kama kuku kapita na tope. Kasoma. Kanitazama. Mimi nikatazama feni.

Kafunga faili polepole. Kamwambia shemeji: tunasikitika, ndugu yangu. Ofisi inaomba radhi.

Kasema hivyo! Kwa kosa langu! Heri angenitukana.

Shemeji katoka kifua mbele. Mimi karani kanizuia mlangoni. Sauti ya chini: kuna meli inataka mtu wa deki Jumatatu ijayo, unaitaka? Hakuuliza kwa ubaya. Nikasema ndiyo. Hata hajafunga mdomo.

Mke wangu hana hata wiki moja ardhini.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji ameeneza mtaa mzima. Wamemwomba radhi! Nimewabana mpaka wamenywea! Kinyozi kaninyoa bure. Muuza nyama katoka dukani kanishika mkono kwa mikono miwili. Mkono wangu huu huu.

Alhamisi, 13 Machi

Sikutoka nje.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia binti.

Sikupanga. Kapakua chakula, nyama yote sahani yangu, yeye kajiwekea mfupa. Kasema kampuni ile imemuua mama, siku akikutana nao atawatemea mate.

Nikasema: nilisaini mwenyewe.

Hakuelewa. Nikarudia. Mtu wa kunibadilisha alikuwepo, nikamrudisha. Wale hawakunikatalia.

Kaweka kijiko chini. Ulijua mama anaumwa?

Nikasema miguu tu.

"Miguu tu!"

Kwa nini, baba? Nikasema kule nilikuwa nafanya kazi vizuri. Ovyo! Hilo ndilo lililotoka!

Kainuka kaosha vyombo. Sahani yangu kaiacha pale pale, na nyama yake.

Jumapili, 16 Machi

Mchana binti kauliza: mjomba anajua? Nikasema hajui. Kasema mjomba kagombana na watu kwa ajili yako, karani wa watu katukanwa. Utamwambia kwa mdomo wako. Usinitume mimi.

Nikasema nitamwambia. Akapiga simu pale pale, mbele yangu. Mjomba, baba ana neno na wewe. Nikasikia shemeji anacheka kule. Mwambie asijisumbue kunishukuru, yule ni ndugu yangu! Anakuja kesho saa nne. Anakuja na shangazi.

Binti kakata simu. Kaniangalia kidogo, si vibaya. Kasema nitakaa na wewe, baba, wakati unamwambia. Nitakaa pembeni yako.

Nikasema asante, mwanangu.

Habari ya meli sijamwambia. Gari la wakala linanipitia saa kumi na mbili asubuhi, yeye bado kalala. Begi nimelifunga. Nimempigia shemeji mara mbili leo, nikakata kabla haijaita. Sasa binti yuko jikoni, nasikia anapanga viti. Vinne. Anavifuta.

Kesho narudi kazini.