Mrumi wa Kau

Mume mwenzangu Komora,

Bibi yetu hajambo, na mpunga umekubali. Umeuliza maana ya neno Warumi katika Biblia ya Kigiriki. Mjukuu, Kigiriki nakijua chote! Haya, nimekudanganya. Najua kitabu cha Matendo tu: humo Mrumi si lazima awe mzaliwa wa Roma, ni mtu ambaye sheria inakataza apigwe kabla ya kusikizwa.

Siku ya kumwoa bibi yako nilikamatwa kwenye kizuizi cha polisi cha Garsen bila kitambulisho, nikasema natoka kwetu Kau. Askari akainua rungu.

"Afande, mimi ni Mrumi kama Paulo! Nisikize kwanza!"

Akacheka. "Mrumi wa Kau! Haya, sema."

Nikamweleza naenda kuoa, akaniachilia.

Sasa nirudishie miwani yangu uliyoondoka nayo. Bibi yako ndiye anayenisomea, na anaruka mistari.

Babu