Kiraka Namba 29 Hakikuvuka

Jumatano. Mvua ya asubuhi imekatika, joto limebaki juu ya mabati ya mtaa wetu wa Magoudjou. Sijala kitu tangu chai.

Naogopa. Nalisema mwanzoni nisije nikalizungusha.

Naandika Kiswahili, nilichorudi nacho kutoka chuo Dar es Salaam, kwa kuwa hapa Moroni wanaokisoma ni wachache. Bandari zimefungwa wiki ya pili sasa. Wakubwa wa kisiwa cha Anzwani, waliojitenga, hawataki kusikia la Moroni, wakubwa wa Moroni wanasema watawarudisha kwa nguvu, na sisi wadogo tunapunguza sauti hata tukiwa jikoni.

Mimi na Anli, niliyesoma naye darasa moja, tunatunza programu ndogo ya zahanati za watoto. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, anachagua dawa, kompyuta inamwambia ampe mililita ngapi. Programu ina matawi mawili, langu la Moroni na la Anli kule Mutsamudu, Anzwani, kwa sababu fomu zao si zetu. Mmoja akirekebisha jambo linalotuhusu wote, anamtumia mwenzake kiraka, yaani faili yenye ile mistari iliyobadilika tu, naye anaibandika kwenye tawi lake. Intaneti yetu ni ya kubahatisha, kwa hiyo viraka vilisafiri kwenye flashi, mkononi mwa abiria wa meli.

Utaratibu tuliutunga wenyewe. Viraka vyangu vina namba witiri, vyake shufwa, ili tusigongane. Kikifika, aliyepokea anabipu mara moja, na mwenzake anatia alama kwenye daftari. Tulijiona mafundi kweli.

Leo saa tatu Bweni Echati, yaani Bibi Echati, jirani yangu anayeuza vitambaa Mutsamudu, alisimama mlangoni. Nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, "Kwezi." Akaitikia salamu, "Mbona," kisha akafungua fundo la leso yake na kunitolea flashi yangu, ile niliyompa ampelekee Anli.

"Mwanangu, meli haikuondoka siku ile. Tulirudishwa bandarini. Nikasema nitakuletea, halafu homa ikanilaza kwa ndugu zangu hadi jana."

Ndani ya flashi ile kuna kiraka namba 29.

Zahanati zote zimepokea chupa mpya za dawa ya homa, na dawa hiyo ni kali maradufu ya ile ya zamani. Kiraka 29 kinapunguza kipimo kwa nusu. Kiraka 31 kinaingiza tu jina la chupa mpya kwenye orodha. Hicho kilikuwa mistari miwili, nikamsomea Anli kwa simu Ijumaa, akairudia, akaibandika palepale.

Kwa hiyo tangu Ijumaa muuguzi wa Mutsamudu anaiona chupa mpya kwenye orodha, anaichagua, na kompyuta inampa kipimo cha zamani. Mtoto anakunywa mara mbili ya anachopaswa.

Anli angejuaje? Kutoka 27 hadi 31 hakuona pengo, maana kwetu namba hurukana daima na pengo halimshtui mtu. Mwenye kujua nilikuwa mimi. Bipu ya 29 sikuipata. Nikajiambia ni laini mbovu, nikatia alama kwenye daftari kwa mkono wangu mwenyewe. Na Ijumaa, nilipompata, nilisikia watu wakifoka nyuma yake, nikasoma mistari yangu miwili upesi na kukata. Niliogopa kumwuliza hata neno moja la ziada.

Nimepiga simu asubuhi yote. Anli hapatikani. Zahanati haipatikani. Ujumbe niliotuma haufiki.

Na hili naliungama hapa: wazo langu la kwanza halikuwa watoto. Lilikuwa kwamba hakuna atakayejua ni mimi.

Saa sita nilikwenda redioni, wanakosoma matangazo ya misiba na harusi mchana. Anzwani wanayasikiliza, kila mtu ana ndugu huku. Nilikuwa nimeandika karatasi ya kijanja: "Anli wa Mutsamudu anaarifiwa kuwa mgeni wa ishirini na tisa hakufika." Askari wa getini aliisoma mara mbili, akanitazama usoni. Siku hizi mtu hutiliwa shaka kwa kidogo kuliko hicho.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipojiuliza. Je, kama Anli hasikilizi? Muuguzi ataelewa nini kuhusu mgeni? Ile karatasi ilikuwa inanilinda mimi tu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Mimi nilitaka nifiche na nizae.

Niliichana mbele ya askari, nikaomba kalamu, nikaandika upya nikiwa nimepiga magoti kwenye ngazi. Nilitaja dawa, chupa mpya, kwamba kompyuta ya Mutsamudu inatoa kipimo mara mbili, wasiifuate, wampe mtoto nusu, na kwamba kosa ni langu. Nikaweka jina langu, Zainaba wa Magoudjou.

Mtangazaji alisoma akakunja uso.

"Bweni, hapa tunasoma misiba na harusi. Hili ni lipi?"

"Bado si msiba. Ndiyo maana nimekuja."

Aliisogeza karatasi karibu na maikrofoni. Kisha akalisoma hewani, baada ya harusi ya mtu wa Mitsamiouli, polepole, mara mbili. Nilisikia jina langu likitoka kwenye redio ya dukani ng'ambo ya barabara, na nikatamani kukimbia.

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Kila gari lililosimama nje, nilidhani wamenifuata. Hakuna aliyekuja ila Bweni Echati na sahani ya mihogo, akaiweka na kuondoka bila kuuliza.

Saa kumi na moja simu ililia mara moja, ikanyamaza. Bipu. Kisha ujumbe wa Anli, ametuma kutoka Patsy, amepanda kilima kwa miguu kutafuta laini:

"Muuguzi alisikia redio. Chupa mpya zimetolewa rafuni, anapima kwa mkono. Mtoto mmoja alipewa tangu Jumapili. Wamemlaza. Tunasubiri."

Nimeusoma mpaka herufi zimepoteza maana. Nimelia. Nimefungua daftari, nimefuta ile alama niliyoitia kwa uongo mbele ya 29, karatasi imetoboka.

Anli hakuandika ni mtoto wa nani, wala ana umri gani.

Kesho, laini ikikubali, sitamsomea kiraka kwanza. Nitamwuliza jina la mtoto.