Nitasema Mwenyewe Siku ya Koito

Jumatatu, 24 Machi

Ng'ombe wamekamwa. Mama Chepkirui, mke wangu, ameenda kupeleka majani ya chai kituoni. Mimi niko mezani, naandika humu, kwenye kompyuta yangu ya kiganjani, kama kila asubuhi.

Nimeweka betri mpya za lithiamu. Kila moja ina tundu dogo ubavuni, unaichaji kwa waya wa simu. Kompyuta yenyewe ilitengenezwa kabla Chepkirui hajaanza shule, na leo inakula betri za mwaka huu. Inafunguka kama kasha la miwani. Vitufe vyote vinafanya kazi isipokuwa Q. Q siihitaji.

Nilikuwa karani wa majani ya chai. Tulipimia wakulima kilo na kuziandika kwenye mashine kama hii. Ofisi ilipoleta tableti, hizi za zamani zikatupwa kwenye katoni. Nikaomba moja. Wakacheka, wakanipa tatu. Mbili nimezivunja kupata vipuri vya hii.

Mwaka mmoja na miezi miwili sasa tangu daktari atoe kisanduku cha sauti kooni mwangu. Saratani. Napumulia tundu la shingoni, nimelifunika kwa kitambaa. Midomo inatembea, hakuna kinachotoka.

Koito ya binti yetu Chepkirui ni Jumamosi ya tarehe 12 mwezi ujao. Familia ya kijana itatoka Bomet ije hapa kwetu Kapsoit, kumposa rasmi. Baba wa msichana lazima aseme.

Nitasema mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Kifurushi kimefika kutoka Nairobi. Nimekichukua Kericho asubuhi. Bodi ya kusema, ukubwa wa kiberiti. Unaipelekea herufi, inazisoma kwa sauti. Kompyuta yangu ina tundu la waya ubavuni, lile tulilotumia kuhamisha kilo za siku kiwandani. Nikafikiri: tundu ni lile lile, badala ya kilo nitapitisha maneno.

Nimechomelea waya tatu. Nimewasha. Harufu ya plastiki. Moshi mwembamba. Kwisha.

Kosa ni langu. Volti za tundu la zamani ni kali, bodi za siku hizi ni laini. Nimetengeneza redio za watu maisha yangu yote na nimesahau kupima. Aibu. Nimeagiza nyingine, pamoja na chipu ya kupunguza volti.

Siku kumi na saba zimebaki.

Alhamisi, 27 Machi

Ndugu yangu Wilson amekuja. Yeye ndiye mkubwa wetu. Amekunywa chai vikombe viwili kabla ya kufikia jambo lenyewe.

"Joel, hakuna mtu atakulaumu. Nitasimama niseme badala yako. Wewe utakaa kando yangu, watu wakuone."

Nikaandika kwenye karatasi: Nitasema kwa mashine.

"Koito si redio," akasema. "Wazee watoke Bomet, wapite Litein, wafike hapa waongee na betri?"

Nikaandika: Wataongea na mimi. Hakusoma. Aliikunja karatasi akampa mke wangu, kana kwamba mimi ni mtoto na yeye ndiye mwalimu wangu.

Nina hasira. Wilson si mtu mbaya. Alilala kwenye kiti hospitalini siku tisa. Lakini nina hasira.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani. Mchungaji amemuuliza mke wangu, "Mzee anaendeleaje?" Mzee nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningeweza kumgusa bega.

Watu wananitabasamia sana. Wanaongea nami polepole na kwa sauti kubwa. Koo ndilo lilikatwa, si masikio.

Chepkirui alinitumia simu kubwa ya kioo mwaka jana, ina programu ya kusoma maandishi. Nilijaribu mwezi mzima. Vidole vyangu vimepasuka kwa utomvu wa chai na moto wa kuchomelea, kioo hakivisikii. Halafu inabadilisha maneno. Naandika jina la ng'ombe, inaweka jina la mji wa Ulaya. Vitufe vya hii ya zamani navijua hata nikifumba macho. Nikibonyeza, kinabonyezeka.

Jumanne, 1 Aprili

Bodi ya pili. Safari hii nimepima mara tatu. Chipu katikati, waya fupi, spika ndogo ya kuchaji ambayo vijana huning'iniza kwenye baiskeli. Zote ziko ndani ya kopo la dawa ya ng'ombe, nimelisafisha vizuri. Kopo linaingia mfuko wa koti.

Saa nne kasoro nikaandika neno la kwanza na kubonyeza. Nilikuwa nimechagua jina la mke wangu.

"Esta," kopo likasema.

Alikuwa jikoni. Akaitika, "Naam?"

Akaitika kabla ya kufikiri. Halafu nikasikia sufuria ikianguka. Akaja akasimama mlangoni, mikono imejaa unga.

Mimi ndiye nimeitengeneza. Si fundi wa Nairobi. Mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Kazi ngumu ni matamshi. Sauti iliyo kwenye bodi inajua Kiingereza tu. Ukiandika Kiswahili sahihi, inasema upuuzi. Kipsigis, lugha yetu, ndiyo balaa kabisa. Kwa hiyo naandika vibaya ili iseme vizuri. "Kongoi," shukrani yetu, nimeiandika kong goy. "Karibuni" ni kah ree boo nee. Nimejaza daftari zima.

Esta ndiye mwalimu. Anakaa na kikapu cha maharagwe, anachambua, anatikisa kichwa. Bado. Bado. Hapo sasa.

"Inaongea kama mzungu wa misheni," amesema.

Leo amecheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya hospitali. Mistari kumi na minne nimeshaiandika. Hotuba yote nimeiweka kwenye memori kadi ndogo kama ukucha. Kadi iko ndani ya adapta, adapta iko ndani ya tundu lililotengenezewa kadi za zamani, pana kama biskuti. Inasoma bila kulalamika.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika kwa kalamu.

Baada ya ibada nilimwita Wilson na mkewe, na mama wawili wa kikundi cha maombi. Nilitaka wasikie. Mstari wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri. Mama mmoja akasema "Bwana asifiwe." Mstari wa tatu: "Mimi, baba yake Chep..."

Kimya. Skrini imezima.

Nimebonyeza kila kitu. Nimetoa betri, nimezirudisha. Kimya. Kabla ya hapo kipimo cha betri kilikuwa kimeonyesha zimejaa.

Wilson hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniwekea mkono begani akasema, "Umejaribu, ndugu yangu."

Umejaribu. Nalichukia neno hilo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimejua ni nini. Betri za kawaida hufa polepole, kipimo kinashuka, unaonywa. Hizi za lithiamu zinatoa nguvu ile ile mpaka tone la mwisho, halafu zinakatika ghafla. Mashine ya zamani haijui tabia hiyo. Inaamini zimejaa mpaka dakika ya kufa. Hakuna kilichoharibika. Kadi ni salama, hotuba ipo yote.

Nimemweleza Esta kwa maandishi, kurasa mbili. Amesoma. Halafu akasema, taratibu, "Baba Chepkirui, labda mwache Wilson aseme."

Hilo limeniuma kuliko kisu cha daktari.

Saa nane Chepkirui akapiga simu kutoka Nakuru. Mama yake akaiweka mezani ili nisikie. Tayari alikuwa ameambiwa, sijui na nani.

"Uncle Wilson nampenda," akasema. "Lakini wageni wanakuja kwa baba yangu. Baba ako hapo. Hajakufa." Halafu akaniambia mimi: "Baba, ukikwama, kwama tu. Tutangoja."

Esta akaenda nje. Aliporudi alikuwa amebeba daftari la matamshi. Akaketi.

"Mstari wa nane bado ni mbaya," akasema.

Alhamisi, 10 Aprili

Betri za lithiamu zinadumu saa sita na dakika kumi, nimezipima mara mbili. Nitaweka mpya asubuhi ya koito, nyingine mfukoni. Betri za kawaida za dukani mfuko wa pili.

Mvua kila alasiri. Nimefunika kopo kwa mfuko wa nailoni.

Kuku saba. Mbuzi. Mursik, maziwa yetu ya kuganda, iko kwenye vibuyu tangu wiki jana. Hema limefika. Naogopa.

Jumapili, 13 Aprili

Jana.

Wageni walifika saa tano, magari manne, matope mpaka madirishani. Watu kama sitini chini ya hema na sebuleni. Wazee wa Bomet mstari wa mbele, na mkubwa wao, Mzee arap Bett, baba mkubwa wa kijana. Kofia, fimbo, macho makali.

Wilson akasimama kukaribisha. Alikuwa na karatasi mkononi. Nilijua ameandika hotuba yake. Akawasalimu wageni, akataja ukoo wetu, akaomba dua. Halafu akaikunja ile karatasi.

"Mwenye boma yupo," akasema. "Atasema mwenyewe."

Akaketi. Sikumwangalia. Ningemwangalia ningelia.

Nikasimama. Nikafungua kompyuta kwenye kiganja cha kushoto. Kopo mfukoni. Nikabonyeza.

"Chamgei," sauti ikatoa salamu yetu.

Hakuna aliyeitika. Walikuwa wanatafuta nani ameongea. Nikabonyeza tena. "Chamgei." Mzee arap Bett akaweka mkono sikioni, akaona vidole vyangu, akaelewa. Akaitika kwa nguvu, na hema lote likaitika nyuma yake.

Mstari wa pili nilimkaribisha kwa jina. Mashine ikasema "Arap Bed."

Vijana walio nyuma wakaangua kicheko. Kitanda, kwa Kiingereza! Esta akafunika mdomo. Jina hilo hatukulijaribu, lilifika juzi nikaliongeza.

Mzee arap Bett akainua fimbo. Wakanyamaza.

"Hata mashine ni Mkipsigis," akasema. "T na D zinaichanganya kama sisi!"

Hapo kicheko kikawa cha kila mtu. Kilipotulia wakaniangalia. Ningeweza kuendelea na mstari wa tatu. Sikutaka. Nilitaka kumjibu. Nikaanza kuandika, pale pale, herufi kwa herufi, kwa tahajia ile mbovu. Watu sitini wakangoja vidole vyangu. Sijui ni dakika ngapi. Nikabonyeza.

"Imenunuliwa Nairobi, lakini imelelewa Kapsoit."

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mvua ikaanza kupiga hema wakati wa mstari wa sita. Spika yangu ikamezwa. Nikachomoa waya, nikaenda kwa fundi wa muziki tuliyemkodi, nikauchomeka kwenye mtambo wake. Bodi ya kiberiti ikaongea kwa spika ndefu kama mtu. Nimesema mistari yote kumi na minne. Wa mwisho niliuandika mimi peke yangu, Esta alikuwa hajausikia:

"Nilipopoteza sauti, Chepkirui alijifunza kusoma midomo yangu. Alinisikia kabla ya mashine yoyote. Kijana, ukitaka kukaa naye vizuri, jifunze kusikiliza hivyo. Kongoi."

Mzee arap Bett akaja mpaka nilipo. Hakuliangalia kopo. Aliniangalia mimi machoni.

"Nimekusikia, arap Rono," akasema, akiniita kwa jina la baba yangu. "Nimekusikia kila neno."

Wamekubaliana mambo yote. Chepkirui alilia, nami nilimwacha alie. Wilson alikula nyama mara tatu na kuwaeleza watu wa Bomet jinsi bodi inavyofanya kazi. Alikosea karibu kila kitu. Nikamwacha pia.

Nilijivuna jana. Leo bado najivuna. Naandika ili nisije nikajifanya mnyenyekevu baadaye.

Jumanne, 15 Aprili

Kimya nyumbani. Hema limeondoka, limeacha duara la nyasi za njano. Chepkirui amerudi Nakuru kazini.

Asubuhi nilikuwa kwenye ile mimea ya chai iliyozeeka upande wa chini. Mzee Sang, jirani, alikuwa upande wake wa ua. Akauliza nina mpango gani nayo. Nikafungua kompyuta juu ya kisiki, nikamwambia nitaipogoa mwaka huu, yote.

"Hapana," akasema. "Umekosea kabisa. Ngoja mwaka mmoja."

Tangu nitoke hospitali, hakuna mtu ameniambia nimekosea. Kila nilichoandika kwenye karatasi watu walikubali, au walikikunja bila kusoma. Ndiyo, mzee. Sawa, mzee. Hata nilipoandika makosa makusudi.

Nikaandika jibu. Akalikataa. Nikaandika jingine, refu zaidi. Alingoja akitafuna jani la nyasi, halafu akalikataa hilo pia, na sababu zake zilikuwa nzuri.

Tulibishana mpaka manyunyu yakaanza. Ameshinda yeye. Nimefunika kopo nikapanda nyumbani polepole.