Magurudumu Mapana Chumbani Kwako

12 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, baba? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisumbua, nalo tumeshazoeana. Mzigo wako umefika. Rimu nne pana na tairi zake, lo! Jirani amezizunguka akaniuliza kama nimeamua kununua trekta. Nimeziweka chumbani kwako, maana uani zingeota miguu.

Zimekuja wakati wake. Hizi nyembamba alizoacha marehemu baba yako zinachimba tope mpaka tumbo la pikapu linalala chini. Juzi tumeshusha magunia yote ya viazi ya watu, wanaume wakasukuma, mimi usukanini natukana. Umesema utakuja kuzifunga mwenyewe kabla ya mvua kubwa. Basi nangoja. Fundi Polepole alikuja na jeki yake, nimemfukuza.

Mama yako

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti vipi? Mimi sijambo. Hapa gereji ni kazi ileile, kutwa nafungua na kufunga tairi za watu.

Umefanya vizuri kumfukuza. Rimu hizo zinatokeza nje kuliko za zamani, kwa hiyo ukikata kona, tairi itakwaruza madigadi. Inabidi kuinua springi na kukata madigadi kidogo, na hiyo si kazi ya kubahatisha. Niachie mimi. Ruhusa bado sijapata, ila mwezi ujao nitakuwa hapo.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mwezi ujao umekuja, unakaribia kwisha, na wewe haukukuleta. Mvua zimeanza. Wanasema subira huvuta heri; mimi mwaka huu imenivutia kutu.

Kila asubuhi nafungua dirisha la chumba chako, harufu ya mpira inanipokea. Nazipangusa vumbi hizo tairi. Jana nimekaa juu ya moja nakunywa chai, huku naongea na wewe kwa sauti. Jirani akapita nje, akadhani umefika, akapiga vigelegele! Nikamwambia hajafika mtu, naongea na tairi. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nimekukumbuka, baba, sikufichi.

Mama

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Barua yako nimeisoma nikashindwa kula.

Ruhusa nimenyimwa tena, na kusema kweli sikuiomba kwa nguvu. Naona haya kurudi mikono mitupu, mtu mzima mimi, nije nikae tu nikutazame? Lakini magurudumu hayo ni kazi ninayoiweza. Yakiwa chumbani yananingoja, najua bado nina nafasi hapo nyumbani. Tafadhali usimruhusu mtu ayafunge. Nakuja, Mama.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nimeyafunga. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Juzi asubuhi binti wa jirani alishikwa na uchungu. Mvua inamwagika, barabara imekuwa uji. Tumempakia kwenye pikapu na mama yake, tumefika kisimani tu, gari likazama. Mtoto wa watu analia pembeni yangu, ananishika mkono. Ningefanya nini? Nikashuka, nikaenda mwenyewe kumgongea Polepole. Tumeyabiringisha magurudumu yako kutoka chumbani mpaka kisimani, akatia jeki juu ya ubao, akayafunga palepale ndani ya tope. Na siku hiyo, ajabu, hakuwa polepole.

Ila kosa alilifanya. Usukani aliujaribu gari likiwa bado juu ya jeki. Kushoto, kulia, hakuna kinachogusa. "Safi, mama!" Tukalishusha, watu wakapanda, springi zikalala kwa uzito, kona ya kwanza tu, tairi ikakwaruza, likapiga kelele la mbuzi! Jirani akaanza kusali, akijua gari linakatika vipande viwili. Nikachukua nyundo, nikaipiga madigadi mpaka ikakunjika ndani. Ndiyo, ileile baba yako aliyokuwa akiing'arisha kila wiki, Mungu anisamehe. Baada ya hapo tope lote tumelivuka bila kuteleza. Binti amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima.

Niliporudi nilifungua mlango wa chumba chako. Kitupu. Pale zilipokuwa tairi pamebaki alama nyeusi sakafuni. Nimelia, mwanangu, nimelia sana, kwa sababu nilijua nimekuondolea sababu ya kuja.

Halafu nikajikasirikia. Sababu gani? Mimi nilikuzaa uje kunifungia nati? Sasa sikiliza. Huku hakuna kazi inayokungoja tena. Gari linakwenda, viazi vya watu vinafika sokoni. Ukija, utakuwa umenijia mimi tu. Kama mimi peke yangu sitoshi, niambie, nisiendelee kutandika kitanda.

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chini ya gari la mteja. Nimetoka hapo, grisi mikononi, moja kwa moja mpaka kwa mkubwa wa gereji. Akaniuliza kuna msiba. Nikasema hakuna. Harusi? Hakuna. Kuna mgonjwa? Hakuna.

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

Nikamwambia, "Mama yupo."

Nafika Jumamosi.

Mwanao