Zamu Uliyompa Mama wa Chepilat

Mama,

Mvua imeshika na chai inachipuka mpaka hatuwezi kuimaliza. Baba bado anaita jina lako akirudi kutoka kupeleka majani, halafu anakumbuka, anakohoa. Sisi tunajifanya hatujasikia.

Nakuandikia kwa sababu yule mama wa hospitalini alikuja.

Rovu lilikuwa limevimba shingoni mwako mpaka unalala umekaa. Hospitali ya serikali walikuwa wanaturudisha tu. Mara daktari wa upasuaji ameitwa kwingine, mara dawa ya usingizi imekwisha, rudini mwezi ujao. Misheni wangekupasua upesi, lakini kila tukiuza ndama tunakuta wamepandisha bei tena. Walisema dawa na pamba zimepanda, kama sukari, kama mafuta ya taa. Wewe ukasema, "Tungoje ya serikali. Mdogo wako Chebet asiache shule kwa sababu ya shingo yangu." Tungeuza ng'ombe wote, Mama. Wote. Hilo ndilo haliniachi.

Halafu zamu yako ikafika. Sista akatoka akasema daktari anaweza kupasua mtu mmoja tu kabla hajasafiri. Kwenye benchi mlikuwa wawili wenye rovu: wewe uliyetangulia, na Kwamboka kutoka Chepilat, mtoto mgongoni, anavuta pumzi kwa kelele. Ukamtazama. Ukamwambia sista, "Mchukue huyu. Ananyonyesha."

Nilikushika mkono. "Mama, hapana, ni zamu yako!" Ukacheka kwa ile sauti kidogo iliyokuwa imebaki. "Itakuja nyingine, Chelangat."

Haikuja. Baridi ya Julai ndiyo iliyokuja kwanza, ikakuchukua.

Jumamosi Kwamboka alifika hapa, mtoto mgongoni na mkungu wa ndizi kichwani, akiuliza nyumba ya mama aliyempa nafasi. Alitaka kukushukuru. Hakujua. Nilipomwambia aliketi palepale kwenye nyasi, akalia kwa Kikisii, maneno nisiyoyaelewa. Mimi nilisimama tu, natazama kovu lake. Limepona vizuri, jembamba, na moyo wangu ukasema, lingekuwa lako. Baba ndiye aliyemwinua. "Ingia ndani, binti yangu, unywe chai."

Ndani akamwona Chebet ametoka shule. Akaweka kikombe chini, akamwita, akafungua kola ya yunifomu na kumgusa shingo polepole. Kisha akaniangalia. Mama, Chebet naye ana rovu. Tena si dogo. Tunakaa naye kila siku na hatukuona.

Ng'ombe wameuzwa, hata yule mweusi aliyekuwa wako. Jumatatu tunampeleka misheni kabla bei haijapanda tena. Kwamboka amekataa kurudi kwao. Atalala na Chebet wodini ili mimi nibaki kwenye chai na Baba. Anasema usiku ule wa kwanza unaogopesha, huwezi hata kumeza mate, lazima awepo mtu anayeujua.

Nakuahidi, Chebet hatangojeshwa. Na Kwamboka, ananiita dada tangu siku ile. Mimi neno hilo bado linakataa kutoka, Mama. Nitalitoa.

Saisere, Mama yangu.

Chelangat