Kifo cha Mlamba Vidonda

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshindwa kula. Si ugonjwa, ni kitabu. Binti yangu aliporudi chuoni alimwachia bibi yake kitabu kinene kama tofali, cha nchi isiyokuwepo duniani wala mbinguni. Na kwa kuwa macho ya Mama mkwe yameingia ukungu, msomaji nani? Mimi. Nimeacha sare za shule kwenye cherehani, nikakaa kitandani pake kusoma habari za kiumbe kinachoitwa Mlamba. Anaishi kisimani. Ngozi inateleza kama bamia iliyochacha. Usiku watu wanamletea vidonda vyao, anavilamba, usaha na vyote, vinapona. Mchana watu wale wale wanampiga mawe.

Nilifunika mdomo. Mama akauliza mbona kimya, au Mlamba kanilamba ulimi. Akacheka peke yake.

Nimesali, nikaongeza ombi la kuondolewa picha ile kichwani. Haijaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimemgeuza Mama, nimemsafisha, nimeosha kile kidonda cha mgongoni. Kinanuka. Naandika hapa maana hapa hakuna wa kunisuta: kinanuka, nikimaliza nanawa hadi viwiko na bado nakisikia kwenye kijiko. Tangu avunjike nyonga sijamlalamikia mtu. Nalalamika hapa.

Kidonda kikiisha, haya, Mlamba. Safari hii kalamba jicho la mfalme. Nikaruka mistari.

"Umeruka," akasema.

Hata mwanawe akisimama mlangoni hamwoni, lakini mstari ukirukwa anauona! Na mashavu yamelowa. Nikamwambia, Mama, hiki kitu hakipo, kimetungwa na mtu anayekula na kulala kama sisi. Baba mkwe alipozikwa hukutoa chozi, leo unamlilia huyu? Akanijibu taratibu kwamba marehemu alikuwa na waliaji wengi, kila mmoja na lake, na yeye siku ile alikuwa na kazi ya kuangalia sufuria za watu. Huyu hana mwenyewe.

"Hayupo, ndiyo maana hakuna wa kuniuliza namlilia nini."

Maneno gani hayo ya mtu mzima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuua.

Sikulala vizuri. Shuka zimechafuka, nikabadilisha, zikachafuka tena. Mwalimu mkuu katuma mtu kuulizia sare. Halafu ukaja ukurasa ambao Mlamba anameza funza ili wasimle mgonjwa. Nikaendelea kusoma, sauti ile ile, lakini macho nimeyainua juu ya karatasi: watu wakaja na mawe makubwa zaidi, wakaziba kisima, Mlamba akafa, mwisho. Nikafunga kitabu. Zilikuwa zimebaki kurasa za kutosha kuinua mguu wa kitanda.

Mama akaomba nimgeuze aelekee ukutani.

Mungu anisamehe uongo. Ila niseme kweli — nimeshona sketi zote kwa amani.

Jumapili, 9 Machi

Mama hali. Jana vijiko viwili vya uji, leo kimoja. Nimembembeleza mpaka mkono umekufa ganzi. Anasema ameshiba. Kashiba nini, hewa? Nimetoka ibadani nimekuta bakuli limeota ngozi juu. Nikaitazama ile ngozi, nikamkumbuka yule shetani wa kisimani, nikamwaga vyote.

Nimekasirika. Kunisusia chakula kwa ajili ya kitu cha mate mate! Na mume wangu yuko njiani na lori, simu haipatikani.

Nilimuuliza kama nimsomee kingine.

"Pumzika, mwanangu," akasema. Uso ukutani.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi kaja kwa kishindo, kanga kiunoni, macho mekundu tayari. Alimpigia mama yake simu, Mama akamwambia amefiwa, simu ikakatika. Njia nzima analia na hajui anamlilia nani.

"Nani, wifi? Kaka yangu?"

"Mlamba."

"Mlamba ndiye nani? Wa ukoo gani?"

Nikamweleza. Akakaa chini, akavua viatu, akanitazama kama nimemtemea mate. Nauli yote ile, anasema, na machozi juu yake, kwa chura. Halafu akamwona mama yake mashavu yalivyozama, mzaha ukaisha. Akaanza: kidonda hiki kimeoshwa lini, mbona chumba kinanuka. Pua kaifunika na ncha ya kanga. Yeye, ambaye tangu nyonga ivunjike ndiyo kwanza anaonekana. Kinyaa hata mimi ninacho, ila mikono yangu haijapata nafasi ya kufunika pua.

Anasema kesho atasoma yeye, aanzie pale Mlamba alipokufa, asikie kifo gani hicho cha kumnyima mama yake kula. Nikajibu sawa.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka nikiomba kitabu kiungue. Sala ya namna gani hiyo.

Wifi kafungua, akalowesha kidole, akapekua. "Mbona sioni alipokufa? Hapa anameza wadudu. Hapa anaoga." Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji, nyuma ya mgongo wake.

"Hajafa," Mama akasema. "Wewe soma."

"Si wifi kasema —"

"Najua alichosema. Sauti yake ya kusoma naijua, na ya kutunga naijua. Miaka yote hii chini ya paa moja! Siku ile mikono yake ilinuka sabuni kutwa. Nikajua amechoka. Mtu hamuui mwenzake wa kazi hivi hivi."

"Sasa kula umeachia nini?"

"Kiingie kidogo, kitoke kidogo. Nimpunguzie kufua. Na msiba niliutaja maana bila msiba huji."

Nikamsikia wifi anapenga kamasi.

Nimerudi jikoni na bakuli langu. Naandika hapa maana nikiingia na uso huu watajua nimesikia. Mate yangu yamekuwa machungu. Nimechukia yule chura, nimechukia kidonda, nimechukia pua ya wifi, na sasa zamu imenifikia mwenyewe na sioni pa kuimalizia. Nimenawa. Nimenawa tena, sijui nanawa nini.

Wifi ameanza. Anasoma kwa kusitasita kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlamba kamkuta njiani yule aliyempiga jiwe la kwanza, kalala, mguu umeoza, hana wa kumsogelea. Mlamba ameinama aulambe. Hapo wifi kasita, anasema uwii, mama, hapa siwezi.

"Soma," Mama anamwambia. "Na upaze sauti kidogo. Mwenzio jikoni hasikii."