Tulikwenda Michigan Wawili, Wifi Akalala Katikati

Shikamoo Bi Mwanakheri. Safu yako naisoma kila wiki ndani ya treni ya kwenda kazini, na sitakuficha, wanaokuandikia huwa nawacheka, nasema huyu naye hana hata mtu mmoja wa kumwambia nyumbani kwake, basi leo zamu yangu, nami sina wa kumwambia. Majina unaweza kuyabadilisha ukipenda, ingawa haitasaidia kitu, maana msikitini kwetu wote wameshasikia habari ya hema.

Mimi naitwa Sabreen, mzaliwa wa Arusha, naishi Mississauga na mume wangu Anverali na binti yetu mmoja, Hira, ambaye Septemba hii anakwenda kuanza chuo Ottawa. Ndoa yetu ina miaka ishirini na tatu na katika miaka yote hiyo mimi na mume wangu hatujawahi kukaa peke yetu, sisemi kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa tu, tulipooana tulikaa na baba mkwe, tulipokuja Canada tukakaa chini ya nyumba, kwenye besmenti ya wifi yangu mkubwa Jenabai kule Malvern, mashariki ya Toronto, tulipohama tu tukampata Hira, na hata fungate yetu tulikwenda Mombasa watu kumi na mmoja. Huyo Jenabai ndiye aliyemlea Anverali mama yao alipofariki, kwa hiyo kwake yeye si dada tu, ni mama, na kwetu hakuna mtu anayesafiri bila kumuaga.

Sasa mwezi wa pili mume wangu akaniambia amekodi kiwanja cha kupiga hema kwenye mbuga moja ya jimbo kule Michigan, ng'ambo ya mpaka, kando ya ziwa penye vilima vya mchanga, siku tatu za Julai, mimi na yeye. Nikamuuliza kwa nini Michigan na hapa Ontario mbuga zimejaa tele, akasema ndiyo hivyo, zimejaa sisi, huwezi kuwasha jiko pale ukakosa kusalimiwa na mtu aliyekula harusi yako. Akaniomba jambo moja tu, safari hii tusimuage mtu. Kisha akaanza kujifunza kupiga hema besmenti, kila Jumapili nasikia vyuma vinaanguka na yeye anasema ya Ali, nami niko juu nakaanga vitunguu.

Bi Mwanakheri, niliogopa. Dubu sikuwaogopa, Hira alishanionyesha kwenye simu kwamba upande ule hakuna dubu wa kutisha. Nilimwogopa mume wangu. Ni mtu mpole, hajanipandishia sauti hata siku moja, lakini mimi na yeye tunazungumza habari za Hira, habari za mashemeji, nani kalazwa, nani kafiwa, tukishazimaliza hizo tunazima taa. Nikajiuliza siku tatu msituni, Hira hayupo, simu hazishiki, tutasemezana nini, na akinitazama akagundua kwamba sina neno la kumwambia itakuwaje, na Septemba Hira akishaondoka si nyumba nzima itakuwa vivyo hivyo?

Basi wiki moja kabla ya safari nikampigia Jenabai. Nikamwambia nakupigia kukuaga tu, nikamtajia na mbuga yenyewe. Akauliza mnakwenda na nani, nikasema sisi wawili. Nikasikia anazima jiko. Kisha akasema, "Wawili tu? Mmegombana?" Sikusema ndiyo wala sikusema hapana, nilishusha pumzi tu, nikijua vizuri kabisa pumzi ile itafanya nini. Akasema, "Basi mwanangu, nimeelewa, usiendelee."

Tulifika Ijumaa mchana. Anverali akapiga hema mwenyewe, likasimama, akarudi nyuma akalitazama, kisha akanitazama mimi na kutabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani, na sijapata kumwona mume wangu vile. Haikupita saa yakaingia magari manne. Jenabai mbele, na baibui lake na viatu vya kukimbilia, nyuma yake mashemeji, wake zao, watoto wao, majamvi, na sufuria ya pilau ya kulisha matanga. Walibeba na nyama ya mbuzi na kuni lakini vyote vilizuiwa mpakani, na afisa wa mpakani alipouliza watu wote hawa wanakwenda Michigan kufanya nini, Jenabai alimjibu kwamba wanakwenda kusuluhisha ndoa.

Akaja askari wa mbuga, kijana mrefu anaitwa Shaun, akasema kiwanja kimoja ni watu sita tu. Jenabai akamkalisha jamvini, akampakulia, akala, akaongezwa, akashukuru sana, kisha akasema kiwanja kimoja ni watu sita tu. Ikabidi wengine wakatafute moteli mjini. Jenabai alibaki kwa sababu kanuni ilimruhusu. Tulilala watatu, yeye katikati.

Jumamosi akamchukua mume wangu kwenye njia ya kupandia vilima vya mchanga, nami nikafuata nyuma nikijifanya naokota mawe, kwa hiyo nilisikia. Alimuuliza kama ninampikia. Akamuuliza kama namnyima kitu. Mume wangu akasema, "Dada, tumekuja kutazama ziwa." Jenabai akasema, "Ziwa liko Mississauga. Mtu hawezi kuendesha masaa yote haya kutazama maji kama nyumbani kwake kuna amani." Hapo Anverali akasimama, na watu wa moteli walikuwa wameshafika, na Shaun naye alikuwa amekuja kutukumbusha habari ya watu sita, na mbele yao wote mume wangu akamwambia aliyemlea, "Nina miaka hamsini na mbili. Sijawahi kukaa mahali na mke wangu bila wewe kuja kuuliza tunakula nini. Nenda nyumbani, Dada."

Bi Mwanakheri, alikwenda. Hakunywa hata chai. Aliponikumbatia kuniaga aliniambia sikioni, "Usiseme neno, lawama hii naibeba mimi, wewe linda nyumba yako." Kwa sababu mume wangu anaamini dada yake aliiona safari yetu kwenye kompyuta yake, siku alipoipeleka Malvern kumsaidia dada mambo ya viza, na Jenabai hakumsahihisha, anadhani ananisitiri mimi niliyemlilia kwa siri, wakati mimi sikulia, nilishusha pumzi.

Na viza yenyewe ni ya ziara. Jenabai anakwenda Karbala, Iraq, amebakiza wiki mbili, ana miaka sabini na moyo wake si mzima, na kule kuna joto na umati wa watu. Kama ilivyo desturi yetu anazunguka nyumba hadi nyumba kuomba radhi kwa kila mtu kabla ya kuondoka. Juzi alikuja kwetu. Mume wangu alikwenda gereji akajifanya anatengeneza baiskeli mpaka alipoondoka, na sisi hatuna baiskeli. Mzee wa watu alikaa sebuleni na mimi, akanishika mkono, akauliza, "Mmepatana, mwanangu?" Nikasema ndiyo.

Hira, anayenijibu Kiingereza hata nikimuuliza kama ameshiba, ananiambia mama mwambie baba, kwani kuna nini. Lakini nikimwambia atajua kwamba nilimkimbia yeye, mume aliyenipa hema na tabasamu, na ameshakodi kiwanja kingine Septemba, mimi na yeye tena, anasema safari hii hata simu tutaziacha nyumbani. Nisipomwambia, wifi yangu atapanda ndege bila radhi ya mtoto wake. Nisaidie, nifanyeje?

Sabreen, Mississauga

*

Marahaba, Sabreen. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hilo la mpakani nimewasomea hata majirani zangu hapa Regent Park. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na mama wa watu. Anazunguka mji mzima kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na mwenye kosa anammiminia chai. Anakuuliza mmepatana, unasema ndiyo! Hivi haya yako ilikwenda wapi? Simtetei Jenabai. Mtu mzima kulala katikati ya mume na mke, hata kanuni ya mbuga ikiruhusu, hapana jamani. Na kumhoji mwanamume juu ya kilima cha mchanga kama anapikiwa, hilo nalo lina mwisho wake. Lakini alikuja kwa sababu ulimwita. Usijidanganye na habari ya pumzi. Alikuelewa vile vile ulivyotaka ueleweke.

Sasa nikupe pole, maana unastahili. Wewe si kichaa, wala si mke mbaya. Ukiolewa katika ukoo wenye watu wengi, mume unamjua kwa kupitia watu, unajua anavyocheka na kaka zake na anavyowajibu wazee, na siku watu wakiondoka unabaki na mtu ambaye hujawahi kumuuliza kitu. Wengi wanaosoma hapa leo wanakujua vizuri, wameinamisha kichwa tu wasionekane kwenye treni.

Ila kuna jambo hukuliona. Unadhani Anverali anataka mchanga? Mchanga upo hata hapa Toronto, tramu inafika. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, anayekaa Mississauga, ameangusha vyuma besmenti kila Jumapili kwa sababu na yeye ameona Septemba inakuja. Na yeye amejiuliza mtasemezana nini. Tofauti yenu ni kwamba yeye alipoogopa alikodi kiwanja, wewe ulipoogopa ulipiga simu.

Unasema ukimwambia atajua ulimkimbia. Atajua. Kwani uongo? Ataumia, labda atakwenda tena kutengeneza hiyo baiskeli. Lakini akija kulisikia kwa mwingine, dada yake akiwa Karbala, au Mungu apishe mbali akiwa hospitali ya huko, hapo mwanangu sitakuwa na ushauri wa kukupa.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi mwambie mume wako mnakwenda Malvern kwa dada yake. Usizue kisingizio cha bakuli la kurudisha, umeshazua vya kutosha. Akikataa, mwambie una neno la kumwambia na hutalisema jikoni, ukaingie garini ukae, na umngoje. Atakuja. Mkishaingia barabara kuu ya 401, anza. Usianze na fungate ya Mombasa, anza na "mimi ndiye niliyempigia." Mtu anayeendesha 401 hawezi kuinuka, hawezi kwenda gereji, na hawezi kukukazia macho, na hilo la mwisho litakusaidia wewe kuliko yeye. Foleni mtaikuta, isikutishe, ni muda wako huo. Uwe umemaliza kabla ya kufika njia ya kutokea Kennedy ili mwenzako apate nafasi ya kukasirika kabla hamjashuka.

Kwa Jenabai useme wewe, kwa kinywa chako, usimtume Anverali. Mwambie hatukugombana, Jenabai, niliogopa kubaki naye peke yangu, na nilikutumia wewe kama kinga yangu. Uikalie kimya hasira yake, ni haki yake. Mume wako naye ana la kumwomba dada yake radhi kwa kumfukuza mbele ya watu na mbele ya yule Shaun aliyekula pilau lake, lakini hilo ni lake, usimkumbushe kwa kiwiko. Wakianza kulia wote wawili, nenda ukaoshe vikombe.

Halafu, kabla ya kuondoka hapo, mwambieni kwamba Septemba mnasafiri tena, wawili. Mwambieni mbele yake, wote wawili mkiwa mmekaa. Kumuaga si kumwalika. Awape dua, awape na achari ya njiani, abaki nyumbani kwake. Akiuliza kama mmegombana, jibu hapana, kwa sauti.

Safari ya Septemba usiifute. Kama hema linakubana, mbuga nyingi zina vibanda vya mbao vya kukodi, kodini kibanda. Pilau mliache, pikeni chochote kwenye moto, kikiungua mtakula hivyo hivyo.

Majibu haya nimekutumia kwa simu kabla hayajachapwa. Gazeti linatoka Jumatano. Majina ningeyabadilisha, lakini umesema mwenyewe haitasaidia kitu, nami nakubaliana nawe. Kwa hiyo unayo Jumamosi, na ukishindwa unayo Jumapili.

Na ile hofu yako kwamba huna neno la kumwambia, usiifiche kwapani. Mpe na hiyo humo humo garini, baada ya lile la simu. Mwambie uliogopa atakutazama akaona huna la kusema. Miaka ishirini na tatu mmezungumza habari za watu, Sabreen. Hiyo itakuwa habari yenu ya kwanza.